Shajara ya mradi: neno "ludicrous" kwa wasemaji wa Kikorea

Jumamosi, 8 Machi 2025

Mradi ni wa neno moja. Kikundi chetu cha Kiingereza hukutana Jumamosi asubuhi hapa Daejeon, mji wa Korea Kusini, kwenye maktaba ndogo ya mtaa: chumba kimoja, rafu za vitabu vya watoto, na meza fupi ambazo watu wazima tunazizunguka kwa kukunja miguu. Yupo mzee mstaafu wa reli, yupo muuguzi, wapo wanafunzi wa chuo, na yupo mama mwenye duka la vifaa vya shule. Kiingereza cha mitihani wanakijua. Baadhi yao wana alama za TOEIC, mtihani wa Kiingereza cha kazini, zinazokaribia 990, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Lakini mpe mmoja wao hali ya kipuuzi, ile inayoudhi na kuchekesha kwa pamoja, umwombe aieleze kwa Kiingereza. Atasema "strange", atajaribu "crazy", kisha atageukia Kikorea na hapo maneno yatammiminika.

Nataka wawe na neno moja wanalolimiliki: "ludicrous", yaani -a kipuuzi kiasi cha kuchekesha. Kulimiliki ni kulitamka bila hofu, kulipachika mahali pake kwenye sentensi, na kujua ni lini linaumiza na ni lini halifai. Kitakachotoka ni seti ya kadi, sauti za kusikiliza, na kurasa chache za maelezo kwa Kikorea ambazo mwanafunzi mmoja wa chuo amekubali kuzihariri.

Nimelichagua hili nikawaacha ndugu zake kwa sababu. "Ridiculous" wanalo tayari, ila wanalichukulia kama "funny" lenye herufi nyingi. "Absurd" limeharibiwa na kamusi. Ukilitafuta unapewa 부조리, bujori, neno la wanafalsafa na la tamthilia, ambalo mtaani linatumika zaidi kwa uonevu na mambo ya hovyo yanayofanyika jeshini au kazini. Aliyejifunza "absurd" kwa njia ya bujori hathubutu kulitumia kwa bei ya kahawa. "Preposterous" ni zuri lakini ni la kizamani kidogo, la watu wa mahakamani. "Ludicrous" lina uzito kuliko "ridiculous", na bado utalisikia redioni, bungeni, na kwa mtu anayelalamikia kodi ya nyumba.

Asili zake zinapendeza na nitaziweka kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo. "Ludicrous" limetoka kwenye Kilatini "ludus", yaani mchezo. Lilipoingia Kiingereza katika miaka ya 1600 lilimaanisha jambo la mchezo, la kujifurahisha. Maana ya kitu kinachostahili kuchekwa ilikuja baadaye. "Ridiculous" limebeba kitenzi cha kucheka. "Absurd" limetoka kwenye sauti isiyopatana na wimbo. "Preposterous" limeunganisha "kabla" na "baada", cha mwisho kimetangulizwa mbele. Manne yote yanazungumzia upuuzi, lakini moja linauona kama mchezo, la pili kama kicheko, la tatu kama sauti mbovu, la nne kama mpangilio uliopinduliwa. Wakorea wanapenda kujua herufi za Kichina zilizo nyuma ya maneno yao, kwa hiyo namna hii ya kulichimba neno wameizoea tangu shule.

Jumamosi, 22 Machi

Leo hatukugusa Kiingereza. Niliwaomba waniandikie ubaoni kila neno la Kikorea wanalotumia kwa hali za kipuuzi. Ubao ulijaa.

Nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa. 어이없다, inasikika "o-i-op-ta": kukosa *eoi*, kubaki hoi, usijue useme nini. 황당하다, "hwangdanghada", lenye herufi za Kichina ndani yake: jambo lisilo na kichwa wala miguu. 터무니없다, "tomuniopta": lisilo na msingi. 말도 안 돼, "maldo an dwe": hilo hata halistahili kuitwa maneno. 기가 막히다, "giga makhida": ile nguvu ya ndani, *gi*, imezibwa. 웃기고 있네, "utgigo inne", kejeli anayotupiwa mtu anayedai makubwa. Na vijana wakaongeza "heol!", sauti tu, mdomo wazi.

Mwanafunzi mmoja akaeleza hadithi maarufu ya 어이없다. Eoi, alisema, ni mpini wa jiwe la kusagia. Umeloweka soya zako, umekaa kusaga, unashika jiwe, mpini haupo. Hapo ndipo unakuwa "bila eoi". Hadithi hiyo ilisambaa sana baada ya filamu moja ya mwaka 2015. Mzee wa reli alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kalamu akachora jiwe lenyewe: duara mbili zilizopandana, tundu la kumwagia soya juu, na pembeni kijiti kilichosimama. Akakiandikia jina lake, 맷손, "matson". Alikulia kijijini mkoa wa Chungcheong, na nyumbani kwao jiwe hilo lilisaga soya za tofu. "Huu ni mkono wa jiwe. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuuita eoi," alisema, tena kwa upole, maana kijana alikuwa ameona haya. Kamusi nazo zinamuunga mkono mzee. Hadithi ya mpini nitaiweka kwenye maelezo, na nitasema wazi kwamba ni hadithi.

터무니없다 nalo limenifurahisha. *Teo* ni kiwanja, na *teomuni* ni alama zinazobaki ardhini palipowahi kusimama nyumba. Kitu kisicho na teomuni ni madai ambayo ukienda kuyafukua hukuti hata dalili ya nyumba. Nikawaambia kwamba Waswahili nao tunasema "madai yasiyo na msingi", msingi ule ule wa nyumba. Muuguzi aliinakili sentensi nzima kwenye daftari lake. Anajiandaa kuomba nafasi ya kujitolea Tanzania kupitia KOICA, shirika la serikali ya Korea la misaada ya maendeleo, na kila Kiswahili kinachonitoka anakidaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Jana Mahakama ya Katiba imemwondoa madarakani Rais Yoon Suk Yeol, na leo hapakuwa na namna ya kuzungumza jambo jingine. Sikuwazuia.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024 alitangaza hali ya kijeshi kwenye televisheni. Baada ya saa chache wabunge 190 walikuwa wamefika ukumbini, wengine kwa kuruka uzio, na wote 190 wakapiga kura ya kuiondoa. Kabla ya kupambazuka ilikuwa imefutwa. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa Kiingereza kama hilo si "ludicrous". Kwa Kikorea yeye na wenzake usiku ule waliandikiana 황당하다 mpaka asubuhi.

Mzee wa reli alikataa. Hali ya kijeshi ya mwisho kabla ya hapo ilitangazwa Oktoba 1979, Rais Park Chung-hee alipouawa, na iliendelea hadi mwanzoni mwa 1981. Mzee alikuwa kijana wakati huo. "Neno lako lina mchezo ndani yake, umetuambia mwenyewe," alinigeukia. "Usiku ule mimi sikuona mchezo. Niliona askari na helikopta." Muuguzi alikuwa zamu ya usiku. Wagonjwa waliamka wakawasha simu, na bibi mmoja alianza kulia.

Nimelifikiria neno la mzee njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni kweli kwamba Waingereza hulitumia hata kwa mambo mazito, lakini hapo msemaji anakuwa analidharau jambo: madai haya hayana uzito, siyapi hadhi ya kujibiwa. Ukisema tuhuma dhidi yako ni "ludicrous" unazicheka ili zionekane ndogo. Kwa hiyo ule mchezo wa Kilatini haujatoka. Mwanafunzi aliyetaka kulitumia kwa tangazo lenyewe angekuwa anaupunguza woga wa bibi wa hospitalini. Lakini hoja zilizotolewa baadaye kulitetea tangazo, hizo mtu anaweza kuziita "ludicrous", na hilo mzee alikuwa amelikubali kwa kichwa darasani.

Kanuni ya kadi imepatikana, na nimeiandika kwa maneno yake: ikiwa moyoni mwako hakuna hata chembe ya kicheko, hata kile cha dharau, tafuta neno jingine.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo.

Niliwaomba kila mmoja aandike sentensi moja kuhusu jambo la kipuuzi lililomkuta hivi karibuni. Mama wa duka alikuwa amepokea mzigo: boksi kubwa la kubebwa kwa mikono miwili, amefungua, amepekua karatasi zote za kujazia, ndani kakuta kifutio kimoja. Akaandika kwa mwandiko mzuri: "I opened the box and I was ludicrous." Muuguzi, bila kuona daftari la mwenzake: "The doctor called me three times for same question. I am so ludicrous." Mwanafunzi naye njia ile ile.

Watu wa umri na shule tofauti wakikanyaga mahali pamoja, tatizo haliko kwao. Liko kwenye ramani waliyopewa. Kamusi inawaambia "ludicrous" ni 어이없는, nao wanalirudisha 어이없다 kwenye Kiingereza kwa uaminifu kabisa. Kikorea kinasema 어이없었어요, na mwenye hali hiyo ni mimi: mimi ndiye niliyekosa eoi, mimi ndiye niliyebaki hoi mbele ya boksi. Tena Kikorea hakilazimiki kumtaja mwenye hali. Sentensi inasimama bila "mimi", na kila msikilizaji anajua ni ya nani. Ikihamia Kiingereza, lazima aletwe mtu wa kukaa mbele ya kitenzi, na mtu huyo anakuwa "I". Sentensi ya mama wa duka, akiisoma Mwingereza, inasema kwamba boksi lilipofunguliwa mama mwenyewe aligeuka kichekesho.

Kiingereza kinaliweka neno hili juu ya jambo. Boksi ni "ludicrous". Kifutio kimoja kusafirishwa hivyo ni "ludicrous". Mtu aliyelishuhudia anabaki pembeni. Wanafunzi wa Kikorea wamefundishwa sana jozi kama "boring" na "bored", "surprising" na "surprised", moja la kitu na moja la mtu, na kwenye TOEIC swali hilo halikosekani. Tabu ni kwamba "ludicrous" halina mwenzake. Hakuna umbo la upande wa mtu. Mkorea analitafuta, halioni, anatumia lililopo.

Muuguzi akauliza: Kiswahili je? Nikasimama nikafikiri, maana sikuwahi kuulizwa. Tunayo ya pande zote mbili. "Ni kichekesho mtu kutozwa faini kwa kosa la jirani," hapo neno liko juu ya jambo, na lina kicheko ndani yake kama lile la Kilatini. Magazeti yetu yanalitumia hivyo kila siku, tena kwa hasira. Vivyo hivyo "haiingii akilini". Halafu kuna upande wa mtu: nimebaki mdomo wazi, nimeishiwa maneno, sina la kusema. Mswahili hawezi kuzichanganya, kwa sababu "mimi ni kichekesho" inasikika papo hapo kuwa kitu kingine. Niliziandika ubaoni safu mbili, jambo upande huu na mtu upande ule, kisha tukayapanga maneno yote ya Kikorea ya juma lile. 터무니없다 likaenda kwa jambo moja kwa moja: bei, madai, uvumi. 어이없다 likaenda kwa mtu, ingawa likitangulia nomino, kama 어이없는 실수, kosa la kipuuzi, linahamia kwa jambo. 황당하다 likasimama katikati, maana habari inaweza kuwa hwangdang na mtu naye anaweza kuwa hwangdang. Mzee akasema miaka yote amezungumza Kikorea bila kuona kwamba maneno haya yanakaa nyumba tofauti.

Kisha tukatafuta daraja, na daraja lipo: "I found it ludicrous that they sent one eraser in such a big box." Mtu ametajwa, macho yake yametajwa, na kivumishi kimebaki kwenye jambo. Kwa wanaotaka kusema pia walivyobaki hoi, kuna "It was so ludicrous that I didn't know what to say," ambayo ni pacha wa sentensi ambayo kila Mkorea anaijua, 어이가 없어서 말이 안 나왔어요, nilikosa eoi hata maneno hayakutoka.

Mama wa duka aliisoma sentensi yake mpya kwa sauti, akairudia bila karatasi. Nimebadilisha mpangilio wote wa kadi. Somo litaanzia 터무니없다, kwa sababu hapo lugha mbili zinakubaliana. 터무니없는 가격 ni "a ludicrous price" neno kwa neno, na 터무니없이 비싸다 ni "ludicrously expensive". Mtu atalizoea neno kwenye bei, ambako hawezi kupotea. 어이없다 litakuja mwisho, pamoja na daraja lake.

Jumamosi, 10 Mei

Matamshi. Niliwarekodi kwa simu, nikaziingiza sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kompyuta nikaigeuzia kwao. "Ludicrous" la Mwingereza lina vilima vitatu kwenye skrini, cha kwanza kikubwa na viwili vinavyopungua. La kwao lina vilima vitano karibu sawa kwa urefu: 루디크러스, lu-di-keu-reo-seu. Kikorea hakiruhusu *k* na *r* zishikane mwanzoni mwa silabi wala *s* ifunge neno, kwa hiyo irabu 으, "eu", inaingia kuziba pengo. Kiswahili tunaijua kazi hiyo; "club" ya Waingereza tumeifanya kilabu. Kuviona vilima kuliwasaidia kuliko maelezo yangu yoyote. Tulipiga meza mara tatu, pigo la kwanza kwa kiganja kizima, na kila mtu akalazimika kumaliza neno kabla mapigo hayajaisha. Irabu za ziada zikakosa nafasi.

Mkazo nao una somo lake kwetu sote. Kikorea cha Seoul hakina mkazo wa neno, na Kiswahili kinauweka silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Mswahili asiye makini atasema "lu-DI-crous". Unatakiwa kuwa mwanzoni.

Halafu kuna *l* ya kwanza. Kikorea kina herufi moja tu, ㄹ, kwa *l* na *r*. Ikiwa peke yake kati ya irabu inagongwa kama *r* yetu ya "mara", na ikijirudia, ㄹㄹ, inakuwa *l* safi. Ndiyo maana walimu wengi wa hapa wanawaambia wanafunzi watangulize 을, "eul", kimoyomoyo: (을)루디크러스. Ulimi unakuwa tayari umepanda, na *l* inatoka. Tuliijaribu, na mzee wa reli, ambaye "l" yake ilikuwa ikinitatiza tangu mwanzo, aliipata. Nikawasimulia kwamba Kikuyu cha Kenya hakina *l*, na Wakikuyu wengi hukutana na vita hii hii kwenye Kiswahili na Kiingereza. Ilionekana kuwapa faraja.

Kwa *kr*, cha muhimu ni kwamba *r* ya Kiingereza haigusi paa la mdomo. Midomo ijiviringe kabla ya *k* kuachiwa.

Jumamosi, 24 Mei

Fupi leo. "Very ludicrous" linasikika la kigeni. Neno lenyewe liko kileleni tayari, kama "perfect" au "impossible", na linapenda "absolutely", "utterly", "completely". Wanafunzi wanatafsiri 너무, "neomu" (mno), na 정말, "jeongmal" (kweli), kwa "so" na "very" kwa kila kitu. Kadi moja inatosha. Mwanafunzi mhariri ameuliza kuhusu "a bit ludicrous", ambayo aliisikia kwa Mwingereza. Ipo, ni namna yao ya kulisema jambo kali kwa sauti ya chini. Sitaiweka kwenye kadi za mwanzo.

Jumamosi, 14 Juni

Kadi za mifano. Nimekataa mifano ya vitabuni, ile ya kofia ya "ludicrous" na suti ya "ludicrous". Nataka hali za Korea ambazo mtu wa hapa ana maoni nazo, kwa sababu neno hili ni hukumu, na hukumu hutoka kwa mtu anayejali.

Ya kwanza waliichagua wenyewe: umri. Kwa hesabu ya jadi ya Kikorea mtoto anazaliwa akiwa na mwaka mmoja, na kila mtu anaongezewa mwaka tarehe 1 Januari. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa usiku wa tarehe 31 Desemba kesho yake alikuwa na miaka miwili. Tangu 28 Juni 2023 sheria inatumia umri wa kuzaliwa, kama sehemu nyingine za dunia, ingawa kwa mambo kama uandikishaji wa jeshi na ununuzi wa pombe bado wanahesabu kwa mwaka. Vijana waliandika haraka: "It is ludicrous that a baby can be two years old on its second day." Mzee hakupendezwa. Kwake ule mwaka wa kwanza ni wa tumboni, na Januari ilikuwa siku ya kuzaliwa ya taifa zima. Aliandika yake: "I don't find it ludicrous. I find it kind." Nimeziweka zote mbili kwenye kadi moja, uso na mgongo. Hakuna maelezo ya kivumishi cha hukumu yanayozidi hayo.

Ya pili ni *Suneung*, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika Alhamisi moja ya Novemba. Wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruhusiwi kutua wala kupaa nchi nzima kwa muda wa kama nusu saa ili mlio usiwavuruge watahiniwa. Mgeni akisikia hilo mara ya kwanza anaona ni kioja. Humu ndani hakuna aliyekubali neno letu litumike. Mama wa duka ana binti atakayeufanya mwaka huu, na alisema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba si ndege ambazo ni "ludicrous". "Ludicrous" ni maisha ya mtoto kupimwa kwa siku moja. Nilimwomba aiandike hivyo hivyo, na imeingia.

Ya tatu ni foleni ya Sungsimdang, duka la mikate la mji huu lililoanza mwaka 1956, ambalo watu hupanda treni kutoka Seoul kulifuata. "A ludicrously long queue" ni sahihi kisarufi. Kama ni haki kusema hivyo, hapo darasa liligawanyika vibaya, na nimeacha kadi hiyo na alama ya kuuliza ili kila kikundi kibishane.

Jumamosi, 28 Juni

Nimetumia siku nzima kwenye ukurasa wa adabu, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuumia kweli.

Kikorea kinabeba heshima kwenye kitenzi. Unapozungumza na mkubwa, miisho ya maneno inabadilika, na hakuna mfanyakazi atakayemwambia bosi wake 어이없습니다 usoni, hata kama mwisho wa neno ni wa heshima. Wakifika kwenye Kiingereza wanaona kitenzi ni kile kile kwa mtoto na kwa mkurugenzi, na wengine wanadhani adabu haipo, wako huru. Mwanafunzi mhariri, anayefanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni moja, alikuwa ameandaa barua pepe kwa mwenzake wa ng'ambo: "Your schedule is ludicrous." Alimaanisha kwamba muda hautoshi. Tuliikuta kabla haijaondoka.

Adabu ya Kiingereza ipo, ila imejificha kwenye uchaguzi wa neno na wa lengo. "Ludicrous" likielekezwa kwa bei, kanuni, ucheleweshaji au hali ya hewa, mnacheka pamoja. Likielekezwa kwa wazo la mtu aliye mbele yako, unamwambia kwamba akili yake imepotea, na kwa Kiingereza hakuna mwisho wa kitenzi utakaokuokoa. Kwenye ukurasa nimeweka barua ya kijana na ile tuliyoituma badala yake: "I'm worried we won't finish by Friday." Haina kivumishi chochote. Wakorea wana neno *nunchi*, ule uwezo wa kusoma hali ya chumba kabla ya kufungua mdomo, na nimewaandikia kwamba *nunchi* wasiiache mlangoni wanapoingia Kiingereza.

Jumamosi, 12 Julai

Kadi zimechapwa na kukatwa. Maelezo ya Kikorea yamehaririwa, na mzee ameyapitia tena kwa kalamu nyekundu. Ameondoa misamiati ya mtandaoni ambayo alisema haitaeleweka kwa wenzake wa rika lake. Muuguzi amepeleka maombi yake KOICA.

Limebaki jambo moja la kuamua. 기가 막히다, lile la *gi* kuzibwa, linatumika pia kwa sifa: 기가 막히게 맛있다, ni tamu mpaka pumzi inakata. Nilitaka kuliacha nje lisije likawachanganya watu, lakini mama wa duka aliuliza kama Kiingereza kinaweza kugeuka vivyo hivyo, na kinaweza. "This bread is ludicrously good." Upuuzi umepanda mpaka umekuwa pongezi, katika lugha zote mbili, kwa njia ile ile ya kielezi. Itakuwa kadi ya mwisho. Jumamosi ijayo tunarekodi sauti yake, na msomaji ni mzee wa reli.